Wimbo Nilioukata Kabla Zainabu Hajajibu

Vijana mlioajiriwa juzi kwenye utamaduni, ombi lenu nimelipata. Mnataka niwaandikie niliyojifunza katika kazi. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Viwanja Sitini, Ifakara, siku tatu nikijaribu kuyapanga, yakakataa kupangika. Nikianza na siku yangu ya kwanza ofisini, najikuta nimefika kijiji cha Kisawasawa. Nikianza na semina za mkoani, Kisawasawa tena. Basi nitawaandikia ya Kisawasawa, na mkimaliza mkaona hamjaelewa, msihangaike, hata mimi bado.

Mimi ni Mpogoro, na Kiyao changu mpaka leo kinaishia kwenye salamu. Nilikuwa afisa utamaduni, kazi ambayo wenzangu ofisini waliiona kama ya kuagiza ngoma. Mgeni akija kutoka mkoani, naambiwa, "Bwana Utamaduni, tuletee ngoma saa nne," kama vile ngoma ziko dukani kwenye kreti. Jina hilo la Bwana Utamaduni lilinikaa, hata vijijini hawakujua lingine.

Bondeni humu kila mtu katoka mahali. Wayao wa Kisawasawa, wazee wao walitoka pande za Tunduru kuja kukata miwa, miwa ikawachosha, wakachukua mashamba ya mpunga chini ya milima. Mimi nilikuwa nimefanya kazi na Wandamba, na Wasukuma na ng'ombe wao, na Wahehe, nikajiona nimeshahitimu. Nilidhani kijiji ni kijiji.

Safari yangu ya kwanza kuwachukua waimbaji wa Kisawasawa nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikaomba ruhusa kwa baba wa kila binti. Kila baba alikubali, tena kwa furaha, wengine wakanipa na muwa. Jumamosi lori likafika saa mbili asubuhi. Akina baba wote walikuwa pale na kanzu zao safi. Binti hata mmoja hakuwepo. Nikamuuliza mmoja wao imekuwaje, maana walikubali.

"Sisi tulikubali," akasema. "Lakini sisi hapa tumeoa tu."

Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa. Kwa Wayao mwanamume akioa anahamia kwao mwanamke, na mwenye sauti juu ya akina dada na watoto wao ni mjomba, yule kaka mkubwa wa mama. Mabinti wale karibu wote walikuwa wa ukoo mmoja, na mjomba wao alikuwa Mzee Ausi, ambaye wakati huo alikuwa shambani anapalilia na hakuna aliyemwambia lolote. Lori lilirudi Ifakara tupu, mimi nimekaa mbele na muwa wangu. Kwa hiyo likumbukeni hilo kwanza: mkifika mahali, msiulize mwenye nyumba ni nani, ulizeni akikataa nani ndipo jambo linakufa.

Aliyenifundisha mengine ni Abiti Rajabu. Abiti ni heshima ya Kiyao kwa mwanamke, yaani binti Rajabu, na yeye alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, ndiye kiongozi wa waimbaji. Nilimkuta mara ya kwanza nikiwa na kinasa sauti cha kaseti na betri nane. Nilirekodi mchana kutwa. Alipomaliza kuimba akaniomba nimsomee nilichoandika daftarini. Nikamsomea maneno ya nyimbo, na tafsiri niliyopewa na mwalimu wa pale.

"Umeandika maneno tu," akasema.

"Si ndiyo nyimbo, mama?"

"Nani alikuwa anamtazama nani?"

Sikujua. Nilikuwa natazama taa ya kinasa sauti kama inawaka. Akaniambia nifunge mashine nikae upande wa wanawake, nitazame macho ya watu na nani hajafungua mdomo. Nilikaa hivyo Jumapili tatu bila kuandika chochote, na mkubwa wangu wa kazi akadhani nimeanza kunywa.

Nitawaeleza nilichokiona huko, maana bila hicho hamtaelewa kosa langu. Mpunga ukishaingia ndani, vijana wa Kisawasawa walikuwa wanakutana Jumapili baada ya swala ya alasiri. Wavulana mstari huu, wasichana mstari ule, wazee kwenye mikeka pembeni, ngoma mbili na makofi mengi. Kijana anatupa mstari, wenzake wanaudaka. Mengi ni utani mtupu, kuchekana viatu na ndevu. Lakini kijana aliyeamua kweli kuoa anatoka mbele, anataja jina lake, jina la mjomba wake na mahali anapotoka. Binti anayeambiwa anajijua, wote wanajua. Wala hajibu. Wimbo unazunguka, maneno yaleyale, mara tatu, mara nne, mara tano, na yeye anatazama miguu yake. Katika mizunguko hiyo mjomba wa binti anafikiri. Akiinuka akaenda kusimama karibu na mjomba wa kijana, ujue mlango umefunguliwa. Ndipo binti anaimba jibu, na katika jibu lake anataja mahali jiko lao litakapowashwa. Baada ya hapo wanatafutwa wadhamini wa ndoa, wawili kila upande, nao ndio wataamua ugomvi wote utakaokuja. Wimbo ukiisha kabla binti hajajibu, kijana amekataliwa, anakwenda zake, halisemwi tena.

Haya yote niliyajua. Niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye ripoti. Ndiyo maana mpaka leo sielewi ilikuwaje.

Yalitangazwa mashindano ya ngoma uwanja wa mpira Ifakara. Barua ilisema kila kikundi dakika saba, na kikizidisha kinakatwa alama. Nikaenda Kisawasawa na saa yangu. Wimbo ule wa kuposa ulichukua dakika kumi na sita.

"Tupunguze marudio," nikamwambia Abiti Rajabu.

"Marudio yapi?"

"Hapa katikati, mnaporudia."

"Hapo watu wanafikiri, mwanangu."

Nikamwambia majaji hawafikiri, wanatazama saa. Tukakubaliana kwamba mimi nitakaa pembeni na filimbi, dakika ya saba nikipuliza ngoma zinanyamaza na wote wanainama. Alikubali upesi mno. Kama mimi ningekuwa na akili siku ile, ningejiuliza kwa nini.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Aliyetoka mbele alikuwa Issa, kijana aliyekuwa anakuja Kisawasawa kulima vibarua, kwao Mngeta. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola. Akataja jina lake, akamtaja mjomba wake, akaitaja Mngeta. Upande wa pili alisimama Zainabu, binti wa dada yake Mzee Ausi, mwenye sauti nzuri kuliko wote, miaka ishirini na miwili. Mimi nilifurahi. Niliona kijana anaigiza vizuri kweli, mpaka amesahau kupiga makofi na wenzake. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu ukaanza. Kwenye benchi la wageni nikamwona Mzee Ausi ameshika mkongojo wake kama mtu anayetaka kuinuka. Nikatazama saa, dakika saba, nikapuliza.

Ngoma zikanyamaza. Wasichana wakainama kama nilivyowafundisha. Watu wakapiga makofi. Issa peke yake hakuinama.

Tulipata nafasi ya pili, tukapewa kikombe. Ndani ya lori wakati wa kurudi hakuna aliyesema neno, nami nikaona wameumia kukosa nafasi ya kwanza, nikasimama nikawapa hotuba. Niliwaambia nafasi ya pili si haba. Niliwaambia tatizo ni kwamba tulichelewa kuingia uwanjani, mwakani tutarekebisha. Zainabu alikuwa anatazama mashamba ya miwa. Hotuba ile nikiikumbuka natamani kujifunika shuka.

Siku ya tatu Abiti Rajabu alikuja ofisini kwangu, safari yote ile na magoti yake. Nikamwamkia, nikamtafutia kiti.

"Umeachanisha watu," akasema.

"Nani, mama?"

"Issa na Zainabu. Wimbo umeisha hajajibu."

Nikamwambia yale yalikuwa maonyesho. Akaniuliza nani alisema ni maonyesho. Nikasema barua. Akauliza kama Issa alisomewa hiyo barua. Kumbe kijana alikuwa ameomba mwenyewe atoke mbele siku ile, mbele ya watu wote wa Ifakara, kwa sababu kwao ni mbali na mjomba wake asingeweza kufika Kisawasawa, ila Ifakara angefika. Na alifika. Alikuwa benchi moja na Mzee Ausi. Na Abiti Rajabu aliikubali filimbi upesi kwa sababu alidhani nikimwona Mzee Ausi anataka kuinuka, sitaipuliza.

Nikamtafuta Issa. Akaniambia alikuwa anaimba tu, nisijali. Kesho yake nikamkuta kwenye kijiwe cha pikipiki, akaniambia hapana, alimaanisha kila neno, na sasa anarudi Mngeta. Nikamuuliza ni lipi nishike. Akasema nishike yote mawili. Vijana, katika kazi hii mtauliza watu watatu na mtarudi na majibu manne, na fomu ya ofisini ina nafasi ya jibu moja.

Nikaenda kwa Mzee Ausi kuomba radhi. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya kikombe?"

"Nimekuja kwa habari ya Issa na Zainabu."

"Wewe ni nani kwa Issa?"

"Si ndugu yake. Ila filimbi niliipuliza mimi."

"Ni mdhamini wake?"

"Hapana, mzee."

"Basi tuzungumze habari ya mvua."

Tukazungumza habari ya mvua nusu saa nzima. Kila nilipojaribu kuingiza jina la Issa, aliniuliza kama Ifakara imenyesha. Nilitoka pale najua kila wingu la wilaya, na la maana sijalisema.

Abiti Rajabu ndiye aliyepata njia, au aliitunga, sijui. Alisema Issa hawezi kuanza upya, kwa sababu wimbo wake umeshaisha. Lakini hakuumaliza yeye, uliishia kwenye filimbi yangu, kwa hiyo mwenye filimbi anaweza kuurudisha palepale alipoukatia. Nikamuuliza nani amewahi kufanya hivyo.

"Hakuna," akasema. "Hakuna aliyewahi kuukata."

"Na nikiimba mimi, si nitakuwa nimeposa mimi?"

"Kwa umri huo akuchukue nani?"

Mke wangu, nilipomweleza kwa kirefu, aliuliza swali moja tu, huyo binti ana miaka mingapi. Nikamjibu, akaendelea kuchambua mchele bila kunitazama, na chakula cha jioni siku hiyo kilichelewa sana.

Basi Jumapili ile nilisimama kwenye mstari wa wavulana wa Kisawasawa, mimi na kitambi changu. Kijiji kizima kilikuja, maana habari zilishaenea kwamba Bwana Utamaduni anaimba. Issa alisimama nyuma yangu, mjomba wake ameitwa kutoka Mngeta, safari hii kwa nauli yangu. Simu yangu niliiweka kwenye kigoda irekodi, kwa mazoea tu. Maneno nilikuwa nimeyaandika kiganjani kwa kalamu, na kwa jasho lile yakaanza kufutika, nikafumba macho nikayashika kwa kichwa. Sauti yangu mnaijua wale mlionisikia kwenye mikutano. Niliimba mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano. Ghafla nikasikia watu wanapiga kelele na vigelegele. Nikajua wananishangilia mimi, nikaongeza sauti.

Nilipofumbua macho Mzee Ausi alikuwa amesimama bega kwa bega na mjomba wa Issa, wanawake wanamkumbatia Zainabu, na Abiti Rajabu ananipungia mkono ninyamaze. Binti alikuwa ameshajibu. Kumbe binti akifungua mdomo, anayeimba lazima afunge wake. Hilo Abiti Rajabu hakunifundisha, kwa sababu watu wa pale wanazaliwa wanalijua.

Issa na Zainabu wakaoana. Nilialikwa, nikala wali na kuku, nikaandika kwenye ripoti ya robo mwaka kwamba kikundi cha Kisawasawa kinaendelea vizuri. Issa alihamia kwa wakwe zake kama desturi, na kila mtu alijua kwamba Zainabu kwenye jibu lake ameitaja Kisawasawa, maana mabinti wote hutaja kwao. Hakuna aliyemuuliza tena. Jibu la wimbo haliulizwi mara mbili, kumuuliza binti tena ni kumwambia humwamini. Na mimi nikastaafu kwa furaha, nikijisifu kwa kila aliyenisikiliza kwamba nimewahi kuokoa ndoa kwa sauti yangu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, asubuhi moja pikipiki ilisimama hapa kwangu, akashuka Zainabu na mtoto mgongoni. Nilimkaribisha, mke wangu akaleta chai, sasa wanapendana sana. Tulipomaliza kuulizana hali, akasema amekuja kwa habari ya simu yangu.

Issa alikuwa amepata kazi ya kuendesha trekta huko kwao Mngeta, kwenye shamba kubwa la mpunga. Mwanzo alikuwa anakwenda na kurudi. Sasa anataka mke na mtoto wahamie huko. Mzee Ausi amekataa, amesema jiko lilishatajwa, ni Kisawasawa. Issa naye anasema hapana, yeye alikuwa karibu, alimsikia Zainabu akiitaja Mngeta, ila kwa heshima ya wakwe alinyamaza akahamia kwao kwanza. Wadhamini wamekaa mara mbili wameshindwa. Issa amesema wakishindwa na mara ya tatu, ataondoka peke yake na hatarudi. Kikao ni Jumapili. Wadhamini wamekumbuka kwamba siku ile Bwana Utamaduni alirekodi.

Simu yenyewe ilikuwa droo ya chini, kioo kimepasuka. Msitupe simu za zamani, wala msitupe chaja zake, hilo ni jambo moja ninalowaambia bila wasiwasi wowote. Tulisubiri ipate chaji, ikawaka, tukaitafuta ile rekodi. Ngoma zilisikika vizuri. Makofi yalisikika. Kisha nikasikika mimi. Mzunguko wa tatu mimi, wa nne mimi, wa tano mimi, halafu vigelegele, halafu mimi zaidi. Chini ya sauti yangu, kwa mbali, kuna sauti ya mwanamke inaimba, inapanda na kushuka, na hakuna neno hata moja linaloshikika. Tulisikiliza mara nne. Mara ya nne mtoto akaanza kulia.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Wewe mwenyewe ulisema wapi?"

"Sikumbuki, mzee," akasema. "Nilikuwa natetemeka. Nilikuja nisikie."

Mke wangu akainuka akaenda jikoni, jambo ambalo si kawaida yake mazungumzo yakinoga. Zainabu akambembeleza mtoto, kisha akanitazama.

"Jumapili sema simu imeharibika. Lakini sema kabla haijaharibika ulisikiliza, ukasikia Kisawasawa."

"Sijasikia, mwanangu."

"Hata mimi sijasikia. Lakini ndiko ninakotaka. Mama yangu yuko pale, shamba langu liko pale."

Nikamkubalia. Niliona ni haki yake, kwani aliyemfunika sauti ni mimi. Jumatatu hadi Jumamosi nilijizoeza kusema uongo huo mbele ya kioo, na mke wangu akanisahihisha mahali nilipokuwa napepesa macho.

Kikao kilikuwa kwa Mzee Ausi, kabla ya adhuhuri. Wadhamini wanne kwenye viti, Abiti Rajabu kwenye mkeka, ameshakuwa mzee sana, anasaidiwa kukaa. Issa alikuwa amevaa mabuti ya kazini na hakuweza kutulia, alikuwa anakunja kofia yake na kuikunjua. Zainabu alikaa kwa wanawake. Mdhamini mmoja akaniuliza kuhusu simu.

Nikasimama. "Simu imeharibika," nikasema, na simu ikaita mfukoni mwangu.

Ilikuwa ileile ya zamani. Asubuhi nilikuwa nimeibeba bila sababu ninayoweza kuieleza, na laini niliihamishia humo sijui saa ngapi kwa wasiwasi wangu. Aliyepiga ni mke wangu, anataka kujua kikao kimekwendaje. Watu walicheka mpaka Mzee Ausi akafuta machozi. Zainabu hakucheka. Sikuwa na la kufanya, nikaitoa, nikawawekea rekodi, wakasikiliza ninavyonguruma mwanzo hadi mwisho. Wakacheka tena, kisha taratibu kicheko kikaisha, wakaanza kutazamana.

Nikawaambia ukweli. Nikasema mara ya kwanza niliukata wimbo, na mara ya pili nililifunika jibu. Nikasema hakuna mtu pale aliyemsikia Zainabu, si Mzee Ausi wala Issa, kila mmoja alisikia alichokuwa nacho moyoni tayari. Nikaomba radhi. Nilipokuwa naketi sikuthubutu kutazama upande wa wanawake, kwa sababu nilikuwa nimemsaliti mtu aliyekunywa chai kwangu.

Wadhamini wakanong'ona. Abiti Rajabu akaomba asaidiwe kukaa vizuri.

"Kama lilifunikwa," akasema, "basi halijatolewa. Aulizwe."

Mzee Ausi akasema haijawahi kutokea. Abiti Rajabu akamwambia mambo mengi hayakuwahi kutokea mpaka Bwana Utamaduni alipoletwa. Kisha akaanza kupiga makofi polepole, akaurudisha mzunguko wa tano kwa sauti yake iliyokwisha. Wanawake wakapokea. Mimi niliziba mdomo kwa mkono, kweli kabisa, kiganja juu ya mdomo. Wimbo ukazunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Issa akaacha kukunja kofia. Zainabu akafungua mdomo, Abiti Rajabu akanyamaza, wote wakanyamaza, na binti akaimba jibu lake peke yake, wazi, polepole, hata mimi nisiyejua Kiyao nikalisikia jina la mahali.

Alisema Mngeta.

Mama yake akaanza kulia bila sauti. Mzee Ausi akasema binti ameulizwa, amejibu, na kwamba msimu wa kupanda Issa atawaleta wote warudi kulima hapa. Issa akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, na akaanza kukunja kofia upya.

Mimi nilitoka. Nilimsubiri Zainabu nje mpaka akapita na ndoo kwenda kuchota maji, nikamsimamisha.

"Mwanangu, si uliniambia Kisawasawa?"

"Nilikwambia."

"Na mama yako, na shamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mbona umesema Mngeta?"

Alitua ndoo. Alifikiri, akanitazama kwa huruma, kama ni mimi niliyekuwa na shida siku ile.

"Kwako nilikuja kutafuta kushinda," akasema. "Pale niliulizwa jiko langu na Issa litawaka wapi."

Akaniaga kwa heshima zote, akabeba ndoo yake akaenda.